SINDANO, UZI NA MALEZI YA MTOTO WA KIISLAMU

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Alasiri, mbele ya akina baba na akina mama)

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Tumezoea kukutana katika vikao hivi tukazungumzia swala, saumu, zaka na mirathi. Leo tumechagua jambo ambalo baadhi yetu wataliona dogo: kuketi chini na mtoto mdogo, tukashona naye, tukasuka naye, tukatengeneza naye kitu kwa mikono yetu na yake. Huenda mtu akauliza, hili lina uhusiano gani na dini? Tunajibu kwamba uhusiano upo, tena ni mkubwa, kwa kuwa malezi ni amana, na amana hiyo hailipwi kwa ada ya madrasa peke yake. Mtoto anahitaji saa za mzazi wake. Na katika zama hizi ambapo mtoto wa miaka mitatu hunyamazishwa kwa kupewa simu, hatuna budi kujiuliza ni nani hasa anayemlea.

MIKONO YA MITUME NA MASAHABA

Tuanze na kiigizo chetu chema. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Katika riwaya aliyoipokea Imamu Ahmad alieleza kwamba Mtume alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Basi akina baba wanaosema kuwa sindano ni ya wanawake na wafahamu kwamba sindano iliwahi kushikwa na mkono ulio bora kuliko mikono yetu sote.

Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa hakuna chakula bora anachokula mtu kuliko kile kilichotokana na kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Qur'ani Tukufu nayo, katika Sura ya Sabaa, inaeleza jinsi Nabii Daud alivyolainishiwa chuma na kuamrishwa atengeneze deraya zilizo timilifu, apime sawasawa katika kuunganisha. Zingatieni: hata kipimo cha kuunga pete moja na nyingine kimetajwa katika Kitabu. Na Muslim amepokea kwamba Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala.

Bibi Zaynab binti Jahsh (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mwenye kufanya kazi za mikono, na alichokipata akikitoa sadaka. Mtume alipowaambia wake zake kwamba wa kwanza wao kumfuata baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu zaidi, walianza kupimana mikono. Baadaye walitambua kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Mkono wa Zaynab ulikuwa mrefu kwa sababu ulikuwa unafanya kazi na kutoa.

Wanazuoni waliofuata hawakuiona haya kazi ya namna hii. Abu Bakr al-Khassaf, faqihi mkubwa wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 261 Hijria, aliandika vitabu vya sheria huku akila kwa kushona viatu, na ndiyo maana ya jina lake.

WANASESERE WA SUFU NA FARASI MWENYE MBAWA

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a.) habari ya siku ya Ashura. Masahaba wa kike walikuwa wakifunga na kuwafungisha watoto wao wadogo, na wakiwatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufu. Mtoto akililia chakula, hupewa kitu kile cha kuchezea mpaka wakati wa kufuturu ufike.

Ndugu zetu, hebu tuitafakari habari hii. Walikuwa na jambo zito la kumfundisha mtoto, nalo ni kuvumilia njaa kwa ajili ya Mola wake. Hawakumtisha wala hawakumpiga. Walichukua sufu, wakaifanyia kazi kwa vidole vyao, wakampa. Ibada na kazi ya mkono vilikaa pamoja katika malezi ya mtoto mmoja.

Na Abu Daud amepokea kwamba upepo ulifunua pazia nyumbani kwa Bibi Aisha (r.a.), Mtume (s.a.w.) akaona wanasesere wake, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za viraka. Akamuuliza, farasi huwa na mbawa? Bibi Aisha akamjibu kwa kuuliza kama hakusikia kuwa Nabii Sulaiman (a.s.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana. Hakusema kuwa ni upuuzi, wala hakuuliza viraka vile vimeharibiwa bure kwa nini. Wanazuoni wengi wameifanya habari hii na mfano wake kuwa hoja ya kuruhusu wanasesere kwa watoto. Nasi tunaongeza jambo moja: mzazi anayeonyeshwa na mtoto farasi wa viraka na afuate Sunna, acheke naye, wala asimkemee.

MTOTO ANAJIFUNZA NINI

La kwanza ni subira. Uzi hauingii katika tundu la sindano kwa hasira. Mtoto atajaribu mara tano, mara kumi, na siku utakapoingia atakuwa amejifunza maana ya kungoja kwa namna ambayo maneno yetu matupu hayawezi kumfundisha.

La pili ni kufanya kazi vizuri. Imepokewa na Bayhaqi kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mmoja wetu afanyapo kazi aifanye kwa ukamilifu. Mshono uliopinda hauna wa kumsingizia. Mtoto hutazama, huona, hufumua, huanza upya.

La tatu ni kujua thamani ya kitu. Mtoto aliyewahi kutia kiraka hatoi nguo jaani kwa sababu ya tundu moja, na hamdharau mwenzake aliyevaa nguo yenye kiraka. Israfu na kiburi hupungua kwa pamoja.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni mazungumzo. Mikono ikiwa na kazi, ulimi wa mtoto hufunguka. Atauliza juu ya mauti, juu ya malaika, juu ya jirani aliyegombana na mkewe. Ataeleza pia kilichompata njiani alipokuwa akienda chuoni. Mambo mengi ya kumdhuru mtoto hugunduliwa mapema na mzazi aliyeketi karibu, na hugunduliwa kwa kuchelewa na mzazi aliye mbali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UKILI NA KOFIA ZA KWETU

Elimu hii haikuwa ngeni katika pwani yetu. Majani machanga ya mkindu huchanwa, huanikwa, mengine huchemshwa katika rangi, kisha husukwa ukili mrefu. Ukili huo ndio unaoshonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka au msala. Misikiti mingi iliwahi kutandikwa mikeka hiyo kabla ya mazulia, na mtoto aliyesujudu juu yake alijua ni mikono ya nani iliyoisuka.

Vivyo hivyo kofia ya vitobo, ambayo imekuwa ikishonwa Lamu, Unguja, Pemba na kwingineko. Kitambaa cheupe huchorwa ua, hutobolewa tundu baada ya tundu, na kila tundu huzungushiwa uzi mpaka likakaza. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi. Leo kofia za mashine zinaletwa kutoka nje kwa bei ndogo, na hatumlaumu anayezinunua. Lakini mkono unaojua kazi hii ukifa bila ya kumrithisha mtoto, hakuna duka litakalotuuzia tena ujuzi huo.

NAMNA YA KUANZA

Hatuhitaji mali nyingi. Kipande cha gunia, uzi mnene na sindano butu yenye tundu kubwa vinamtosha mtoto wa miaka minne au mitano. Na apitishe uzi juu na chini, basi. Mwingine apewe majani matatu ya mkindu asuke. Afikapo umri wa miaka saba, ule tunaoamrishwa kumwelekeza katika swala, anaweza kurudisha kifungo kilichong'oka, kupiga bandi na kukunja pindo. Baada ya hapo ashone mfuko wa msahafu wake mwenyewe. Mtoto aliyeushona mfuko huo atauheshimu, na kilichomo ndani atakiheshimu zaidi.

Tuanze kwa Bismillahi. Sindano zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi, na shanga ndogo zisikaribie mikono ya mtoto anayetia kila kitu kinywani. Robo saa inatosha, akichoka aachwe. Na wavulana wasiachwe nyuma, kwani atakayesafiri kutafuta elimu au riziki atang'okwa na vifungo kama wengine.

HADHARI

Yapo mambo matatu ya kujihadhari nayo. Kwanza, baadhi ya watu wetu huchukua sindano kwa ajili ya mtoto ili kumshonea hirizi ya ngozi au ya kitambaa na kumtundika shingoni. Mtume (s.a.w.) ameeleza, katika Hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad, kwamba mwenye kutundika hirizi ameingia katika ushirikina. Kinga ya mtoto ni dua, nyuradi za asubuhi na jioni na uangalizi wa wazazi. Tusimshonee mtoto hirizi, tumfundishe kushona.

Pili, tusiifanye mikono ya mtoto kuwa mtaji wetu. Kumfundisha ni malezi. Kumkalisha kutwa nzima asuke ili sisi tukauze, akakosa skuli, madrasa na mchezo, hiyo ni dhuluma hata ikipewa jina la kazi.

Tatu, tusimwahidi mtoto kisha tukamvunjia. Abu Daud amepokea kwamba mwanamke mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza alikusudia kumpa nini, akasema tende, Mtume akamjulisha kwamba lau hangempa chochote angeandikiwa uongo. Mzazi anayesema "kesho tutashona" kila siku na azingatie. Qur'ani katika Sura ya An-Nahl imewapigia wavunjao ahadi mfano wa mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti. Na imani ya mtoto kwa mzazi ni uzi wa namna hiyo: husokotwa kwa miaka, hufumuliwa kwa siku chache.

TUNACHOKIOMBA KWENU

Bukhari amepokea kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) kwamba mwanamke alimletea Mtume (s.a.w.) shuka aliyoifuma kwa mkono wake ili amvike. Mtume akaipokea hali ya kuwa anaihitaji, akaivaa. Kisha mtu mmoja akaiomba, naye akampa. Mtu yule hakuiomba ili aivae. Alitaka iwe sanda yake, na ikawa hivyo. Jina la mwanamke yule hatukutajiwa katika riwaya hiyo. Kazi ya mkono wake ndiyo iliyobaki, nayo ilipita mwilini mwa Mtume ikamsindikiza Muumini kaburini.

Basi tunakuombeni, wiki hii, kila baba na kila mama achague siku moja baina ya Alasiri na Magharibi, simu ziwekwe mbali, aketi na mtoto wake kwa sindano na uzi au kwa majani ya ukindu. Na cha kwanza kitakachokamilika, kikiwa kizuri au kimepinda, mtoto apelekwe akampe yatima au mzee wa mtaani kwa mkono wake mwenyewe. Udongo uwahi ungali maji.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, aibariki mikono yao kwa halali, na atutakabalie kidogo tunachokifanya. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.