Bresi ya Kifundo Hailazi Misuli



Viwanjani husemwa kwamba ukivaa bresi, kile kifaa cha kubana kifundo cha mguu, misuli itazoea kubebwa na kulala. Watafiti wa Marekani waliwavalisha bresi watu wasio na jeraha kwa wiki 8, kisha wakapima msuli wa upande wa nje wa mguu, ule unaozuia kifundo kisipinduke. Uliitikia kwa kasi ile ile.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, miongoni mwa wanafunzi 1,460 wa mpira wa kikapu huko Wisconsin, kiwango cha kuumia kifundo kwa waliovaa bresi za kamba kilikuwa takriban theluthi moja ya wasiovaa. Magoti, lakini, hayakunufaika.

Basi aliyewahi kuteguka avae bila haya. Ila bresi haimfundishi mtu kusimama imara. Hilo ni zoezi la mguu mmoja, kila siku, hata jikoni. Na ukiumia ukashindwa kupiga hatua nne, tafadhali usikandwe na mtu. Nenda hospitali upigwe picha.