Maembe Yaliyoanguka Yaokotwe

Msimu wa maembe ukianza, mwenye mwembe uani hukimbilia dawa ya kupulizia, macho yote juu kwenye matawi. Tatizo kubwa liko chini. Nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 kabla ya kuenea sehemu kubwa ya Afrika, hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Funza huila nyama yake mpaka embe linaoza na kudondoka, kisha hujichimbia udongoni na kuibuka nzi wapya. Pasua embe lililobonyea upande mmoja utawaona, weupe, wakijirusha. Dawa iliyobaki juu ya ganda haiwafikii hao. Kinachowakatiza ni kuokota maembe hayo kila siku na kuyafukia kwenye shimo la nusu mita au zaidi.

Wapo watakaosema ni kazi bure, kwa kuwa jirani haokoti na nzi hajui ua. Ni kweli nzi huvuka, lakini anayezaliwa chini ya mwembe wako ana chakula hapo hapo juu yake. Kumwachia mazalia kwa sababu ya jirani ni kumuongezea nguvu. Zungumzeni na jirani, mfanye pamoja. Na wale sisimizi majimoto wanaoshona majani ya mwembe, tafadhali msiwachome moto. Wanauma, naam, lakini huwafukuza nzi wasitage, tena bila gharama yoyote. Siku ya kuchuma, mpake majivu mikononi, mpande alfajiri wangali wametulia.