Waliosimama Nyuma ya Madaftari

(Maneno ya kikundi cha wasomaji wa tamthilia, yaliyotolewa katika ukumbi wa hekalu siku iliyofuata usomaji wa "Mabepari wa Venisi")



Mmetuomba tuwatambulishe watu waliosoma usiku wa jana. Ombi hili limetufurahisha, na limetutia haya kidogo, kwa kuwa kazi yetu ni ya kujificha nyuma ya maneno ya mtu mwingine. Mliona wenyewe. Hapakuwa na maleba wala kuta za kasri. Palikuwa na viti tisa, watu tisa, na madaftari ya shule mikononi mwao. Vitabu tulivyopata kuazima vilikuwa vitatu tu, basi kila msomaji alinakili sehemu yake kwa mkono wake. Baadhi ya wageni walituuliza mchezo wenyewe ungeanza saa ngapi. Lakini wazee wa hekalu hili hawakuuliza. Wao wamezoea kuketi chini na kumsikiliza mmoja akisoma katha kutoka kitabuni hata msitu na bahari vikatokea mbele yao, kama vile watu wa pwani walivyozoea kumsikiliza msomaji wa utenzi. Kwa hiyo hatukuwaletea jambo geni.

Twapaswa kueleza kwanza kwa nini tuliuchagua mchezo huu, maana tunajua kwamba uchaguzi wetu uliwasumbua baadhi yenu. Tafsiri ni ya Mwalimu Julius Nyerere. Alianza na mchezo wa Juliasi Kaizari, uliotoka mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa huu wa Venisi, akiwa Rais, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Katika Kiingereza, Shakespeare anamtaja mfanyabiashara mmoja tu katika jina la mchezo. Mwalimu akawafanya wengi, tena hakuwaita wafanyabiashara; akawaita mabepari. Kwa masikio ya miaka ile, neno hilo lilikuwa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Siku ya kwanza ya mazoezi, mzee wetu mwenye duka, ambaye jana mlimsikia akisoma sehemu ya Shylock, alilitazama jalada la kitabu akacheka peke yake. Tulipomuuliza, alitwambia kwamba neno "bepari" ni neno la kwao. Lilikuja na majahazi kutoka Gujarati, na huko "vepari" ni mtu anayenunua na kuuza, basi. Babu zake walijiita hivyo bila aibu yoyote. Yeye alipokuwa mtoto wa shule alilisikia neno hilohilo likirushwa nyuma yake njiani, akarudi nyumbani kumuuliza baba yake kama kuuza chumvi ni dhambi. Hakutueleza baba yake alijibu nini, nasi hatukumlazimisha.

Ndipo tulipoona kwamba mchezo huu ni wa Tunduma. Venisi ilikuwa mji wa mizigo ya watu wengine, na sisi pia twaishi kwa mizigo ya watu wengine. Kijana wetu wa kazi za forodha, aliyesoma sehemu ya Basanio, hakuhitaji kuelezwa hofu ya mtu ambaye mali yake yote iko safarini na habari zake hazijafika. Aliibadilisha meli kuwa lori kichwani mwake, akaona foleni inayoanzia mpakani na kupotea upande wa Mpemba, na sauti yake ikapata wasiwasi unaotakiwa. Antonio mwenyewe anakiri mahali fulani kwamba Mtawala wa Venisi hawezi kumnyima mgeni haki ya sheria, kwa sababu mji ule unakula kwa biashara ya mataifa yote. Wabadilishaji wa kwacha waliokuwa wamekaa safu ya nyuma waliguna kwa pamoja waliposikia hayo.

Sasa tuwaeleze habari za fundi wetu wa cherehani, aliyesoma sehemu ya Porshia. Alikuja kwetu akiwa na shauri lake moyoni. Mwaka uliopita alichukua mkopo wa kausha damu, akashindwa kurejesha kwa wakati, na cherehani yake ikabebwa mchana watu wakitazama. Majuma mawili ya kwanza hakuweza kumtazama mzee machoni. Yale maneno mazuri ya Porshia kuhusu rehema aliyasoma kama mtu anayefunga mlango kwa kishindo. Mwongozaji wetu, mwalimu wa Kiswahili, hakumsahihisha hata mara moja. Wengine kati yetu tuliona ni uzembe. Baadaye tukaelewa kwamba alikuwa akingoja.

Siku moja, wakati wa chai, mzee alimuuliza fundi yule mkopo wake ulitozwa riba kiasi gani. Akatajiwa. Mzee akapiga hesabu hewani kwa kidole, kama wafanyavyo watu wa dukani, akanyamaza. Kisha akasema: "Binti yangu, soma tena ile hati ya Antonio. Dukati elfu tatu, miezi mitatu, na riba hakuna. Shylock wangu alikuwa nafuu kuliko hao wako." Fundi akacheka, ikawa mara ya kwanza kwa sisi kuisikia sauti ya kicheko chake. Ni kweli, lakini, kama alivyojibu papo hapo, wale wa kwake hawakuomba ratili ya nyama. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na tangu siku hiyo walikaa viti vya jirani.

Ubishi mkubwa zaidi ulikuja kuhusu mwisho wa kesi. Wanaoujua mchezo wanakumbuka kwamba Shylock haachiwi kwa kunyang'anywa mali tu. Antonio anaongeza sharti kwamba abadili dini, na Mtawala analikubali. Msomaji wetu wa Antonio ni mwimbaji wa kwaya katika kanisa lililo jirani nanyi. Alisimama katika mazoezi akasema hawezi kulisoma sharti hilo ndani ya ukumbi wa hekalu, siku ya sherehe yenu, mbele ya watu waliompikia chakula. Aliomba mistari ile ifutwe. Wengi wetu tulimuunga mkono. Katika Kamati yenu nako, tunajua, walikuwapo waliosema afadhali tuuache mchezo wote na kutafuta mwingine wenye furaha, wasije majirani wakatoka hapa wakimnyoshea kidole kila mwenye duka.

Mzee ndiye aliyekataa. Hakupandisha sauti. Alimwambia yule mwimbaji: "Mwanangu, usiyameze maneno hayo. Ukiyameza, watu watatoka hapa wakidhani mzee yule alipoteza fedha tu." Akatoa na sharti lake: akisoma, atasoma yote, mstari mmoja ukifutwa, tumtafute mtu mwingine. Hatukuwa na mtu mwingine. Tuliinamisha vichwa tukaendelea na mazoezi, na hatuwezi kusema kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameridhika.

Jana usiku mliyaona yaliyotokea. Porshia alipotoa hukumu kwamba nyama ikatwe lakini damu isimwagike hata tone, akina mama wa sokoni walilipuka kwa vicheko, na mmoja akapaza sauti kuwa leo kausha damu amekaushwa. Tulicheka hata sisi tuliokuwa jukwaani, na Gratiano wetu, ambaye ni dereva wa bodaboda, akapata nguvu ya kuongeza kejeli kuliko ilivyoandikwa. Mzee alisimama pale pale, daftari limefungwa kidoleni, akingoja. Kisha mwimbaji akalisoma sharti. Alilisoma polepole, macho yake yakiwa kwenye karatasi, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. Vicheko vilikatika kutoka safu za mbele kwenda za nyuma. Jibu la Shylock la kukubali ni fupi mno, na mzee alilitoa kama mtu anayesaini risiti. Akaketi. Fundi wetu alikuwa bado na mistari ya kusoma. Akachelewa kuanza, na mnong'onezaji akadhani amesahau, akamtajia neno kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima. Hakuwa amesahau.

Mnong'onezaji huyo mumsamehe. Ni mstaafu wa reli ya TAZARA, na kwake yeye chombo kikichelewa lazima kipigiwe filimbi. Binti wa Kidato cha Nne aliyesoma maelekezo ya jukwaa ni wa hekalu hili hili. Ndiye aliyewaambia nani ameingia na nani ametoka, na bila yeye mngeona watu tisa wameketi tu. Wazee wenu walitukumbusha kwamba katika michezo ya kale ya Kisanskriti alikuwapo mtu wa kazi iliyo karibu na hiyo, sutradhara, mshika uzi, na tangu hapo binti huyo haitiki kwa jina lingine. Mizani iliyokuwa juu ya meza haikutengenezwa na msanii wetu wa mabango. Ni mizani ya dukani kwa mzee, ya kupimia mchele. Msanii alichora kitambaa cha nyuma peke yake. Kisu hatukukileta, kwa heshima ya mahali. Kinanda cha mkono cha hekalu kilipigwa na kijana wenu, ngoma ikapigwa na mgeni wetu kutoka Nakonde, na hawakuwahi kuonana kabla ya Jumanne iliyopita.

Yupo aliyetuuliza kama Shakespeare kwa Kiswahili si mzaha wa walimu. Mwaka 2012, katika ukumbi wa Globe mjini London, michezo 37 ya mtunzi huyo ilichezwa kwa lugha 37, na Kiswahili kilikuwa na wake, "Wanawake wa Heri wa Winsa", ulioletwa na kikundi kidogo cha waigizaji wa Afrika Mashariki. Falstaff alichezwa na Mrisho Mpoto wetu. Waingereza walicheka mahali palepale ambapo sisi tungecheka. Dereva wetu wa bodaboda amekwisha kusikia habari hiyo mara nyingi kuliko inavyomfaa.

Tunaishukuru Kamati kwa kutuachia ukumbi bila malipo, na kwa kutuachia mistari yote. Madaftari mawili hayajaonekana tangu jana, la Antonio na la Shylock. Aliyeyachukua kwa kumbukumbu ya sherehe tunamwomba ayafikishe dukani kwa mzee kabla ya Jumamosi. Tumealikwa kusoma Vwawa mwezi ujao, na safari hii fundi wetu wa cherehani ndiye aliyeomba asome Shylock.