Ukitoa Damu, Dai Jibu Lako



Mtu mwenye nguvu zake akianza kukonda, tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano, mtaani husemwa upesi: huyo amelishwa sumu. Anatafutwa wa kulaumiwa. Koo mbili zinaacha kusalimiana, na mgonjwa anafikishwa hospitali akiwa hoi. Jamani, dalili hizo huweza kuwa za kansa ya ini iliyokwisha komaa.

Kwetu Ituri chanzo kikubwa cha kansa hiyo ni virusi vya hepatiti B. Mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, kisha virusi hukaa kwenye ini miaka na miaka bila kuuma popote. Karanga na mahindi yaliyoota kuvu huongeza hatari mara nyingi zaidi.

Huko ng'ambo madaktari wamepiga hatua katika kuitibu kansa hiyo. Tangu 2020 wanatumia dawa mbili pamoja, atezolizumabu na bevasizumabu, zinazotiwa mshipani kila baada ya wiki tatu. Zinarefusha maisha, na mimi nafurahi. Lakini bei yake hailipiki hata familia ikiuza ng'ombe wote na kumvusha mgonjwa Ziwa Albert hadi Kampala.

Hatua inayotufaa sisi iko karibu zaidi. Ndugu yako akihitaji damu, unaitwa kutoa. Kabla damu hiyo haijamwingia mgonjwa, inatakiwa ipimwe VIH, kaswende, hepatiti C, na hepatiti B pia. Ikikutwa na virusi, mfuko unatupwa. Na wewe uliyeitoa? Wapo wanaoambiwa tu, "Damu yako haifai," wakarudi nyumbani kunywa maji ya matembele waongeze damu. Hilo linanichoma moyo, maana mtu wa maabara amekwisha kuona hatari miaka mingi kabla ya kansa.

Mwenye virusi vya hepatiti B akijulikana, ini lake linachunguzwa. Anayehitaji dawa anameza tenofoviri, kidonge kimoja kila siku, dawa ileile iliyomo kwenye vidonge vya VIH ambavyo vituo vyetu vya afya vinavyo tayari. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoruhusu watu wengi zaidi kuianza. Walio katika hatari kubwa wanapigwa ekografi kila miezi sita, kwa sababu uvimbe usiofika sentimita tatu unaweza kukatwa au kuunguzwa kwa sindano ya joto. Mke au mume apimwe, watoto wapimwe, wasio na virusi wachanjwe. Mtoto mchanga achanjwe ndani ya saa 24. Akingojea chanjo ya wiki ya sita, virusi vya mama huenda vimemtangulia.

Wakuu wa afya wa Ituri, nawaomba mambo mawili. Kila aliyetoa damu apewe jibu lake mkononi, kwa siri, pamoja na maelezo ya aende wapi. Na tenofoviri isifungiwe kwa wenye VIH peke yao. Nawe msikilizaji uliyewahi kuambiwa damu yako haifai, rudi palepale kesho, uulize haikufaa kwa nini.