Ukienda Dar es Salaam, Zuru Nyumba za Makumbusho

Leo nataka kuzungumza nanyi, hasa ninyi mkaao Kibiti, Bungu, Mohoro na katika visiwa vya delta ya Rufiji, juu ya safari ya Dar es Salaam.

Safari hiyo wengi wenu mnaijua. Mtu wa delta hupanda mashua mpaka Nyamisati, kisha akaingia garini. Mtu wa Kibiti hungoja kando ya barabara kuu, akapita Mkuranga na Mbagala, akawasili mjini. Huenda kwa ajili ya mgonjwa, au arusi, au biashara ya korosho na samaki. Akimaliza shughuli yake hununua kanga na sukari, akarudi kwao. Ukimwuliza ameona nini, atakujibu, "Nimeona watu wengi na magari mengi." Lakini hayo hata yule aliyebaki nyumbani aweza kuyakisia.

Basi shauri langu ni hili: safari ijayo ongeza siku moja, ukazuru nyumba za makumbusho. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wageni na wasomi. Mjomba wangu, mvuvi wa delta, alisema vivyo hivyo nilipomwalika. Aliniambia, "Mpwa wangu, mimi nikatazame vyungu vya wafu, nao walio hai wananingoja?" Hata hivyo alikubali kwenda, na yaliyotokea nitawasimulieni.

Anzeni na Makumbusho ya Taifa, katika barabara ya Shaaban Robert, karibu na bustani ya miti. Nyumba hii ilifunguliwa mwaka 1940, na baadaye ikaongezwa jengo kubwa la Nyumba ya Utamaduni. Makumbusho hayo ndiyo yaliyokabidhiwa lile fuvu mashuhuri la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Bibi Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, ambalo umri wake wakadiriwa kuwa miaka 1,750,000 hivi. Humo pia mtaona vitu vilivyochimbuliwa Kilwa, jirani zetu wa kusini, na vigae vya vyombo vya China vilivyoletwa kwa majahazi.

Lakini msidhani kwamba mambo ya kale ni ya Olduvai na Kilwa tu. Katika miaka ya 1990 Profesa Felix Chami, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba huko Mkukutu, karibu na Kibiti, akapata shanga za kioo za Kirumi. Kiko kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, nacho chataja soko liitwalo Rhapta katika pwani yetu. Na wako wataalamu wanaodhani kwamba soko hilo lilikuwa karibu na milango ya Rufiji. Basi mwanafunzi wa Kibiti asimamapo mbele ya kabati la shanga za kale, na akumbuke kwamba udongo wa kwao nao umetoa shanga za namna hiyo.

Katika habari za zama za Wadachi mtakutana na Vita ya Majimaji. Vita hiyo ilianza katika vilima vya Umatumbi mwezi wa Julai mwaka 1905. Yule aliyewapa watu maji ya dawa, Kinjikitile Ngwale, alikuwa mtu wa Ngarambe, naye alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Majina hayo kwa mgeni ni maandishi ukutani tu. Kwenu ninyi ni vijiji mvijuavyo njia zake.

Mkitoka hapo, nendeni kwa miguu mpaka kwenye sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Maneno yake yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Someni polepole, kwa kuwa vita hiyo nayo ilifika kwenu. Manowari ya Wadachi, Königsberg, iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja mwezi wa Septemba mwaka 1914, kisha ikajificha katika mito ya delta, ikifunikwa na mikoko. Tarehe 11 Julai 1915 ilipigwa ikaangamia. Wadachi waliopoa mizinga yake, wakaikokota bara kupigania nchi kavu.

Karibu na bandari liko Boma la Kale, lililojengwa zama za Sultani Majid, yapata mwaka 1867. Nyumba za mawe za pwani za zama hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na mikoko ya Rufiji ilisafirishwa mpaka Unguja, Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Hata upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Kwa hiyo muingiapo katika nyumba kama hiyo, msitazame milango peke yake. Inueni macho mtazame dari, mkakumbuke wakata mikoko.

Sasa nifike kwa mjomba. Tulikwenda naye Kijiji cha Makumbusho, kule Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo. Kijiji hiki kilianzishwa katika miaka ya 1960, na ndani yake zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya nchi, kila moja kwa miti, udongo na majani kama ilivyokuwa desturi ya wenyewe. Mjomba alipita akinyamaza mpaka tulipofika kwenye tembe la Kigogo, lenye paa bapa la udongo. Hapo alisimama, akaligusa, akasema, "Paa hili likipigwa na masika ya kwetu, litawaangukia wenyewe usiku mmoja. Nchi ya hawa haina mvua nyingi." Mwongozi alishangaa, maana mjomba hakupata kufika Ugogo. Tulipofika kwenye msonge wa Wahaya, ulioezekwa nyasi tangu kileleni mpaka karibu na ardhi, alisema, "Hawa sasa wana mvua, na majani hayawapungukii."

Walikuwapo wanafunzi wa mjini, wakamzunguka. Mmoja akamwuliza, "Babu, na kwenu mwajengaje?" Mjomba akaokota kijiti, akachora mchangani dungu la bonde la Rufiji: nguzo ndefu, sakafu juu, maji ya mafuriko yakipita chini, na mwenye shamba akilinda mpunga wake asiuache kwa nguruwe na ndege. Akaeleza ni miti gani ifaayo kwa nguzo, na jinsi mtu ajuavyo kimo cha sakafu kwa alama iliyoachwa na maji ya mwaka uliopita. Wanafunzi walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza mwongozi. Kisha yule mtoto akauliza, "Babu, hayo yameandikwa katika kitabu gani?" Mjomba akacheka, akasema, "Hayakuandikwa. Mimi ndiye kitabu."

Wasikilizaji wangu, siku ile nilikuwa na kalamu mfukoni, wala sikuandika. Nilidhani wakati upo. Mwaka wa pili yake mjomba alifariki, na leo sikumbuki zile nguzo alisema ni za mti gani. Watu wa bondeni walihamishwa kwenda vijiji vya juu kuanzia mwaka 1968, na walioishi katika madungu mwaka mzima wanazidi kupungua. Kosa langu nawapeni ninyi liwe funzo.

Tena tazameni jinsi vitu vya nchi viwezavyo kwenda mbali. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Mombasa, katika Ngome ya Yesu, na mwingine uko Pretoria. Lakini mabaki ya manowari yenyewe yalikatwa kuwa chuma chakavu katika miaka ya 1960. Mifupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, katika nchi ya Lindi, iliyochimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, imesimamishwa Berlin, na kimo chake ni zaidi ya meta 13. Mtoto wa Lindi atakaye kumwona mjusi wa kwao hana budi kuvuka bahari. Kitu kisichotunzwa na wenyewe, ama hupotea, ama hutunzwa na wengine.

Basi mwendapo, fanyeni hivi. Fikeni asubuhi, kabla ya joto na uchovu. Kiingilio hulipwa mlangoni, na mwananchi hutozwa kidogo kuliko mgeni. Msikimbilie kuona vyote. Chagueni vitu vitatu, na kwa kila kimoja ulizeni: kilifanywa na nani, kwa kitu gani, na kwa haja gani? Mwongozi akikosea jambo mlijualo, mwambieni kwa adabu, naye atawashukuru.

Na mrudipo, kazi haijaisha. Wewe mwanafunzi, chukua daftari, umwendee babu au bibi yako, umwulize habari za dungu, za mtego wa samaki, za boriti na majahazi. Andika jina lake, jina la kijiji, na tarehe. Usiseme utafanya kesho. Mimi nilisema hivyo.

Kwaherini.