Alikufa kwa Ugonjwa Gani? Waulize Wazee Wangali Hai

Mazungumzo kwa baraza la wananchi, Kaunti ya Kilifi



Kwenye mazishi, wasifu wa marehemu husomwa kwa utaratibu. Hutajwa alikozaliwa, shule alizosoma, watoto na wajukuu aliowaacha. Msomaji akifika kwenye kifo, huwa na maneno machache tu: "aliugua kwa muda mfupi." Ugonjwa wenyewe hautajwi, na matanga yakiisha hakuna anayeuliza tena. Miaka 20 baadaye mjukuu anaketi mbele ya daktari, anaulizwa kama kwao kuna presha, sukari au saratani, naye anajibu kwamba hajui.

Kwa Kilifi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu. Umeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, maeneo yenye malaria tangu zamani. Mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu haugui. Tena huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni hiyo ikadumu vizazi na vizazi. Mtu huyo analima, anavua, anacheza mpira, na anaweza kuzeeka bila kujua.

Shida huanza akioana na mwenzake mwenye jeni hiyo hiyo. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Wapo wazazi wanaoamini kwamba wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Hesabu huanza upya kila mimba.

Nyumba nyingi zina nyanya anayekumbuka watoto waliofariki wadogo: mmoja alilia usiku kucha mikono na miguu ikivimba, mwingine macho yalikuwa manjano, mwingine aliishiwa damu kila mara. Wakati ule ilisemwa ni uchawi au laana, na mama akaulizwa amekosa nini. Hadi leo kuna wanawake wanaorudishwa kwao kwa sababu ya mtoto asiyepona. Hiyo ni dhuluma, na tena haina msingi wowote: mtoto huugua selimundu kwa sababu amerithi kwa baba na kwa mama, wote wawili.

Watafiti wa KEMRI hapa Kilifi walichapisha mwaka 2009 matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wenye selimundu hupata maambukizi ya bakteria kwenye damu mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine. Kwa hiyo mtoto anayejulikana mapema huwekwa kwenye penisilini ya kila siku hadi afikishe miaka 5, hupewa chanjo zake zote na hukingwa na malaria. Daktari pia anaweza kumwanzishia haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu. Mtoto asiyejulikana hapati lolote kati ya hayo, na wengi hufa kabla ugonjwa haujatajwa jina.

Kwa magonjwa mengine, uliza pia umri. Baba aliyepata kiharusi akiwa na miaka 42 anawaachia wanawe onyo kubwa kuliko babu aliyekipata akiwa na 85. Upande wa baba usisahauliwe: saratani ya titi ya shangazi inamhusu binti wa kaka yake kama inavyomhusu ya mama mdogo. Presha au sukari ya mzazi haimaanishi kwamba mtoto ataugua. Inamaanisha apimwe mapema na mara kwa mara. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita vijijini wana mashine za presha na sukari.

Mahali pa kuuliza si mbele ya jeneza. Kaeni na shangazi au nyanya jioni, kwa upole, muandike kwenye daftari: nani, ugonjwa au dalili gani, alikuwa na miaka mingapi. Anayetaka siri yake ibaki kwa watu wa nyumbani aheshimiwe. Daftari hilo liende nanyi kliniki.

Wazee wanaopeleka posa huchunguza ukoo, tabia na kazi ya kijana. Kipimo cha damu kwa wachumba wote wawili kiongezwe kwenye orodha hiyo, si ili kuvunja uchumba, bali wajue kabla ya mtoto wa kwanza. Na kwa familia ambayo tayari imewahi kuwa na selimundu, mtoto apimwe akiwa mchanga. Dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi kadhaa, mara nyingi kwa vidole kuvimba, na wakati huo penisilini inatakiwa iwe imeshaanza.