Vyama vya Wataalamu wa Fizikia, na Neno Lililopimwa



Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi habari za vyama vya wataalamu wa fizikia. Fizikia ni ile elimu ichunguzayo asili ya vitu na nguvu zake: joto na mwanga, sauti na umeme, sumaku na mwendo wa vitu vyote, tangu jiwe litupwalo na mtoto hata nyota za mbinguni. Huenda mmoja wenu akasema, "Vyama twavijua: chama cha ngoma, chama cha ushirika cha wakulima, chama cha kuzikana. Lakini mtu mwenye elimu ana haja gani ya chama? Si anazo akili zake na vitabu vyake?" Swali hilo ni jema, nasi twataka kulijibu kwanza kwa kisa cha aibu yetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha vijana wanaojifunza ualimu. Tukawaambia ya kuwa jiwe zito lililotundikwa kwa uzi hupembea upesi kuliko jiwe jepesi lililotundikwa kwa uzi wa urefu ule ule. Neno hilo hatukuwa tumelijaribu. Tulilidhani tu, tukalisema kwa sauti ya mwalimu. Kijana mmoja akasimama, akasema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, mimi nimejaribu nyumbani, nikaona yanakwenda sawasawa." Tukamwamuru aketi. Usiku ule usingizi ulitupita. Tukaondoka kitandani, tukatwaa uzi na mawe mawili, tukayatundika katika boriti ya nyumba, tukahesabu. Mawe yale yalikwenda pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Asubuhi ilitupasa kusimama mbele ya darasa na kusema, "Mwenzenu alisema kweli, na mwalimu wenu alikosa."

Tangu siku ile twafahamu ya kuwa mtu peke yake, ajapokuwa na elimu nyingi, hana macho ya kutosha kuyaona makosa yake. Ahitaji wenziwe, na hao wenziwe wawe na ruhusa ya kusema. Kwa sababu hiyo wataalamu hufanya vyama.

Katika vyama vya namna hii vilivyo vikongwe kimoja ni kile cha London kiitwacho Royal Society, kilichoanzishwa mwaka 1660. Watu wake walichagua maneno machache ya Kilatini yawe mwito wao, na maana yake ni kwamba neno lisikubaliwe kwa sababu tu fulani amelisema. Chama hicho kilihusu elimu zote za maumbile. Hata elimu ilipopanuka katika karne ya 19, wataalamu wa fizikia wakaona haja ya kuwa na vyama vyao wenyewe. Wafaransa walianzisha chao mwaka 1873, na watu wa London mwaka 1874. Wamarekani walianzisha chao mwaka 1899, walipokutana watu 36 katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Lakini kabla ya hao wote walitangulia vijana wa mji wa Berlin, katika nchi ya Ujerumani, na habari zao ndizo tutakazozieleza kwa urefu, maana ndani yake mna mambo ya kusifu na mambo ya kuhuzunisha.

Mjini Berlin alikuwako mwalimu mkuu wa fizikia, jina lake Gustav Magnus. Nyumbani kwake alikuwa na chumba cha majaribio na vitabu vingi, na desturi yake ilikuwa kuwakaribisha wanafunzi waje kuzungumza habari za elimu. Tarehe 14 Januari 1845 vijana sita waliozoea kukutana kwake walianzisha chama chao. Hawakuwa watu wakubwa. Wengine walikuwa wanafizikia, wengine wanakemia, wengine matabibu. Wakaanza kukusanya habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali, wakazieleza kwa ufupi na kuzipiga chapa katika kitabu, ili mtu asipoteze miaka akitafuta jambo ambalo mwenziwe wa mbali amekwisha kulipata.

Tena chama hicho hakikuwa cha walimu tu. Miongoni mwa watu wake wa kwanza alikuwamo Werner Siemens, aliyekuwa ofisa wa mizinga, na Johann Georg Halske, fundi wa kutengeneza vyombo. Wawili hao walishirikiana, na mwaka 1847 wakafungua karakana ya vyombo vya kupeleka habari kwa waya. Basi, mwenye fikira alikutana na mwenye mkono, na kila mmoja akapata faida kwa mwenziwe.

Mwaka ule ule wa 1847, mwezi Julai, daktari wa jeshi mwenye umri wa miaka 25, jina lake Hermann Helmholtz, alisimama mbele ya chama akasoma hotuba yake. Alisema ya kuwa nguvu haizaliwi bure wala haipotei, bali hugeuka sura tu. Fikirini gari la moshi. Nguvu iliyofichika katika kuni au makaa hugeuka kuwa joto, joto hugeuza maji kuwa mvuke, mvuke husukuma chuma, na chuma huzungusha magurudumu. Gari lishikwapo breki, magurudumu hupata moto: nguvu ya mwendo imerudi tena kuwa joto. Ukihesabu vizuri, hakuna kilichopotea. Leo kila mwanafunzi wa shule hufundishwa kanuni hiyo. Lakini siku zile mhariri wa jarida kubwa la fizikia la nchi ile alikataa kuipiga chapa hotuba ya Helmholtz, nayo ikatolewa kama kijitabu peke yake. Wenzake vijana ndio waliomsikiliza na kumtia moyo. Kama chama kile kisingalikuwako, daktari yule angalimwambia nani?

Twende mbele miaka 53. Kila mtu aliyekaa karibu na kiwanda cha mhunzi ameona ya kuwa chuma kikitiwa motoni kwanza huwa chekundu, kisha hugeuka njano, kisha huelekea weupe. Wataalamu walitaka kujua kwa hesabu ni kwa nini rangi hubadilika hivyo kwa kadiri ya joto, wasiweze. Tarehe 19 Oktoba 1900 Max Planck alikieleza chama hicho hesabu mpya aliyoitunga. Mwenziwe Heinrich Rubens, aliyekuwa hodari wa kupima, alirudi kuilinganisha na vipimo vyake mwenyewe, na asubuhi yake akaja kumwambia Planck ya kuwa vinapatana. Lakini Planck hakutosheka. Hesabu ilikuwa sawa, walakini sababu yake hakuijua. Akafanya kazi kwa bidii majuma machache, na tarehe 14 Desemba 1900 akarudi mbele ya chama na jambo la ajabu: nguvu ya mwanga ni lazima ihesabiwe kana kwamba hutolewa kwa vipande vipande, kama nafaka inavyohesabiwa kwa punje, wala si kama maji yanavyomiminika. Fizikia mpya ya karne ya 20 ilianzia katika mkutano ule.

Tazameni jinsi kazi ilivyokwenda. Mmoja alisema, wa pili akapima, wa kwanza akarudi kutafuta sababu, na wote wakasikia. Hata leo desturi ya vyama hivi ndiyo hiyo. Mtu akipata jambo jipya hulieleza mbele ya wenziwe, naye huulizwa maswali, pengine makali. Kisha huliandika, na kabla halijapigwa chapa maandishi yake hupelekwa kwa wataalamu wengine wayasome na kuonyesha kasoro. Likisha kupigwa chapa, watu wa nchi nyingine huweza kulijaribu tena kwa vyombo vyao. Neno likipita katika mikono yote hiyo bila kuanguka, ndipo huaminiwa. Na hata hapo huaminiwa mpaka siku atakapotokea mtu mwenye kipimo kilicho bora zaidi.

Hata sasa tumesifu. Lakini tukinyamazia yaliyofuata tutakuwa tumewadanganya.

Mwaka 1933 Hitler alitwaa utawala wa Ujerumani, na mwezi Aprili mwaka ule ikatolewa sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika kazi za Serikali. Walimu wengi wa vyuo vikuu walipoteza kazi zao, si kwa kuwa vipimo vyao vilikuwa na kosa, bali kwa ajili ya ukoo wao. Albert Einstein, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho tangu mwaka 1916 hata 1918, aliihama nchi ile, asirudi tena. Tena wakatokea wanafizikia wachache, mmojawapo Johannes Stark, waliotaka elimu yote iwe chini ya amri ya chama cha Hitler.

Mwezi Septemba mwaka ule wataalamu walikutana katika mji wa Würzburg. Mwenyekiti wao alikuwa Max von Laue. Alisimama akakumbusha habari za Galileo, mtaalamu wa Italia, aliyehukumiwa mwaka 1633 kwa kusema ya kuwa dunia hulizunguka jua. Watu walimnyamazisha Galileo, lakini dunia haikuacha kuzunguka. Laue hakuwataja watawala kwa majina, wala haikumlazimu: kila aliyekuwamo alifahamu maneno yale yaelekea wapi. Naye Stark alitaka uongozi, asichaguliwe.

Hiyo ilikuwa siku ya heshima. Walakini ushujaa wa siku moja haukulinda nyumba daima. Tarehe 9 Desemba 1938 mwenyekiti wa wakati huo, Peter Debye, alitia sahihi barua iliyopelekwa kwa watu wa chama, akiwataka walio Wayahudi kwa sheria za wakati ule wajiondoe. Alieleza ya kuwa mambo yaliyokuwako yalilazimisha. Watu hata leo hubishana kama angaliweza kufanya vingine, na sisi hatukuitwa kuwa mahakimu wake. Lakini tendo lenyewe laonekana wazi: chama kilichoanzishwa ili neno la mtu lipimwe kwa ukweli wake kilikubali kuwapima watu kwa damu yao. Siku hiyo kiliiacha kanuni yake chenyewe, maana umeme hauulizi kabila la mtu aupimaye.

Baada ya vita Laue alikuwa miongoni mwa waliokijenga chama upya, mwaka 1946. Na mwaka 1949 chama kilitoa nishani yake kubwa, iitwayo kwa jina la Planck, kwa watu wawili, Otto Hahn na Bibi Lise Meitner. Bibi huyo alizaliwa Vienna katika ukoo wa Kiyahudi, akafanya kazi Berlin zaidi ya miaka 30, na mwaka 1938 alilazimika kutoroka ili kuokoa maisha yake. Nishani haiwezi kumrudishia mtu miaka aliyonyang'anywa. Hata hivyo ni vizuri kosa likiri mbele ya watu, kama ilivyo vizuri mwalimu kukiri mbele ya darasa. Nchi ile iligawanyika, na vyama vya fizikia vikawa viwili, cha mashariki na cha magharibi. Navyo viliungana tena mwaka 1990. Leo chama hicho kina watu makumi ya maelfu.

Vyama vya nchi mbalimbali navyo viliona ya kuwa havitoshi kila kimoja peke yake. Mwaka 1922 ulianzishwa mjini Brussels muungano wa fizikia wa mataifa, wenye nchi 13. Mwanzoni Wajerumani hawakukaribishwa, kwa sababu ya uchungu wa vita iliyokwisha mwaka 1918. Tena baadaye mlango ulifunguliwa. Na katika Afrika, mwaka 2010, wanafizikia wa bara letu walizindua chama chao mjini Dakar, katika nchi ya Senegal.

Basi, wasikilizaji wetu, na hasa ninyi wanafunzi, msidhani ya kuwa habari hizi ni za watu wa mbali tu. Wale vijana wa Berlin walikuwa sita. Katika shule yenu hamwezi kupata sita? Kaeni chini ya mwembe mara moja kwa juma. Mmoja aeleze alichokiona: jinsi mvua ilivyopimwa katika kopo, jinsi kivuli cha mti kinavyofupika na kurefuka kwa mwaka, jinsi jiwe linavyopembea kwa uzi. Wengine waulize, kisha wakajaribu wenyewe. Yaliyoonekana yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe, hata yale yaliyoharibika. Msimcheke aulizaye. Msimkatalie mtu kwa ajili ya kabila lake, au udogo wake, au kwa kuwa ni msichana. Na ikiwa mwalimu mwenyewe amekosa, mwambieni kwa adabu.

Nasi walimu, siku tuambiwapo, tusimwamuru mtoto aketi. Tutwae uzi na mawe mawili, tukahesabu pamoja naye.

Kwaherini.